Ngome, Ahadi na Mshipi wa Kijani

Wasomaji wengi wa visa vya kale vya Ulaya hudhani ya kuwa farisi, yaani askari wa kiungwana apiganaye juu ya farasi, hupimwa uwanjani kwa mkuki na upanga. Shairi refu la Kiingereza liitwalo Sir Gawain and the Green Knight lapinga dhana hiyo. Lilitungwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Lina mistari 2,530, na nakala yake ya mkono ni moja tu. Ilinusurika katika moto wa mwaka 1731 ulioharibu maktaba ya Cotton huko London, ikachapwa mara ya kwanza na Frederic Madden mwaka 1839. Katika shairi hili farisi hashindwi vitani. Hushindwa ndani ya ngome yenye moto na matandiko mazuri, na kinachomshinda ni mshipi wa hariri.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya Mwaka Mpya, Mfalme Arthur na watu wake wakiwa karamuni, aliingia jitu la kijani, mwili, nguo na farasi wake, akiwa na shoka mkononi. Akataka mtu mmoja ampige dharuba moja, kwa sharti kwamba baada ya mwaka na siku moja mtu huyo naye apokee dharuba yake. Gawain akakubali, akamkata kichwa. Jitu likakiokota kichwa chake, nacho kikasema na kumkumbusha miadi. Mwaka ulipokaribia kwisha Gawain alishika njia kwenda kulipa. Ahadi ni deni, na hapa deni ni shingo.

Mtunzi akaa kitambo kirefu akimvika shujaa wake deraya na kuieleza ngao yake, iliyochorwa nyota ya pembe tano. Nyota hiyo yabeba, pamoja na mambo mengine, sifa tano: ukarimu, usuhuba, usafi, adabu na huruma. Mistari yake imeungana hata haionekani mwanzo wala mwisho wake. Na hiyo ndiyo hoja ya mtunzi. Uungwana haugawanyiki. Mwenye kuvunja pembe moja ameivunja nyota nzima. Lakini mapigano ya njiani, pamoja na mazimwi na mbwa mwitu, yapitishwa kwa mistari michache tu, na mtunzi asema wazi kwamba baridi ilimtesa Gawain kuliko vita. Kwa hivyo msomaji amekwisha kuonywa kwamba jaribio halisi haliko huko.

Liko ngomeni. Gawain aifikia siku ya kuamkia Krismasi, nayo yang'aa kwa weupe nyuma ya handaki la maji, minara yake imechongoka kama iliyokatwa katika karatasi. Avuliwa deraya, apewa joho, akalishwe karibu na moto. Mwenyeji wake, Bertilak, amwekea mchezo: yeye atakwenda kuwinda, mgeni atapumzika, na jioni kila mmoja atampa mwenziwe alichopata mchana. Siku tatu mfululizo mke wa mwenyeji aingia chumbani kumshawishi Gawain. Huko msituni wauawa paa, kisha nguruwe mwitu, kisha mbweha. Huku chumbani yapatikana busu moja, kisha mawili, kisha matatu, na Gawain ayarudisha yote kwa mwenyeji. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mawindo mawili yaenda sambamba, na siku ya mbweha, mnyama wa hila, ndiyo siku mwungwana anapofanya hila. Bibi yule ampa mshipi wa kijani ambao, asema, humlinda avaaye asiuawe. Gawain aupokea na kuuficha.

Ugumu wa jaribio hili watoka katika desturi zenyewe. Akimkubali bibi, amemhaini mwenyeji. Akimkataa kwa ukali, amekosa adabu. Gawain apita katikati kwa ulimi mtamu, na hapana shaka afaulu. Aangukia mahali asipopalinda, maana hakudhani kwamba neno la mchezo lina uzito sawa na kiapo. Tena siku ile ile aenda kwa kasisi kuungama, akatakaswa, na mshipi ungali mkononi mwake. Mtunzi hasemi neno la kumlaumu. Lakini katika kanisa la kijani, ambalo si kanisa bali ni kilima chenye pango, Gawain aungama mara ya pili, sasa mbele ya yule aliyemdhulumu. Bertilak ndiye lile jitu. Alimtishia shoka mara mbili, na ya tatu akamchanja shingo kidogo kwa ajili ya mshipi. Haki ya mtu haifutwi ila na mwenyewe, na maungamo haya ya pili ndiyo yenye nguvu.

Kosa ni moja, lakini hukumu ni tatu. Bertilak asema ni dogo, kwa kuwa Gawain hakutenda kwa tamaa ya mwanamke wala ya mali, bali kwa kupenda uhai wake. Gawain ajiita mwoga na mvunja ahadi. Watu wa Arthur, aliporudi akiwa ameuvaa mshipi kama alama ya aibu, wacheka, kisha wakubaliana kila mmoja avae mshipi kama ule kwa heshima. Wahakiki wamebishana ni hukumu ipi iliyo ya haki. Si lazima kumtukuza Gawain ili kujibu: hasira yake ina kiburi ndani yake, na hotuba yake ya kuwalaumu wanawake tangu zama za Adamu ni ya mtu atafutaye wa kumtwisha mzigo wake. Hata hivyo yeye peke yake ndiye aendeleaye kuiona nyota kuwa imevunjika. Bertilak amesamehe, na kusamehe ni haki yake. Wale wa karamuni hawakudhulumiwa kitu. Hawana cha kusamehe. Kicheko chao chageuza deni kuwa pambo.

Hapo ndipo shairi linapoligusa jamii lake. Mtu fulani aliandika mwishoni mwa nakala ile wito wa chama cha mafarisi wa Garter, kilichoundwa na Mfalme Edward wa Tatu karibu na mwaka 1348, ambacho nacho kilikuwa na ukanda kuwa nembo yake. Zama hizo uungwana ulikuwa umestawi kwa nembo na sherehe. Mwaka 1346, huko Crécy, wapiga upinde wa miguu waliwaangusha mafarisi wa Ufaransa. Na mwaka 1355 mwana wa Edward, aliyesifiwa kama kioo cha uungwana, alipita kusini mwa Ufaransa akichoma miji na vijiji. Waliochomewa hawakuhesabiwa katika adabu ile. Shairi nalo halina nafasi kwa wakulima walioilisha ngome ya Bertilak, na upungufu huo yafaa utajwe.

Lakini ndani ya mipaka yake mtunzi aliona jambo ambalo wasifu wengi wa mafarisi hawakuliona. Desturi haifi siku inapovunjwa. Aliyeivunja akiona haya, ingali hai. Huanza kufa siku wote wanapoivaa na hakuna aionaye kuwa nzito. Mshipi ni ule ule, nao wamkaa Gawain begani kama kovu, na wenzake kama vazi la sikukuu.