Pongezi kwa Wasimamizi wa Mitihani ya Mafundi wa Ndege
Wasimamizi wa mitihani katika vyuo vya mafundi wa ndege barani Ulaya, vinavyoidhinishwa kwa Sehemu ya 147 ya kanuni za matengenezo ya ndege, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa ndio wanaoyalinda maswali yasivuje. Swali la kuchagua huwa na majibu 3 na hutengewa wastani wa sekunde 75, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Mwanafunzi anayebainika kudanganya hufutiwa mtihani na kuzuiwa kufanya mwingine kwa angalau miezi 12, na mtahini anayetoa majibu hupoteza sifa ya kutahini. Uadilifu huo wa kimyakimya ndio unaokaza boliti ambayo abiria haioni kamwe.