Kazi 34, Dirisha Moja, na Kosa la Novemba 2005

Katika mabadiliko yote yaliyopata kufanywa juu ya mchezo wa intaneti uliokwisha kukaliwa na watu, silijui lililo baya kuliko lile la tarehe 15 Novemba 2005, siku ambayo wakazi wa Star Wars Galaxies waliingia katika seva zao wakakuta kazi 34 walizokuwa wakizifanya zimefutwa, na mahali pake pamewekwa dirisha moja lenye kazi 9, nao wakatakiwa kuchagua. Mengi yalisemwa kwa ghadhabu juu ya NGE, kama mabadiliko hayo yalivyoitwa, na ghadhabu hiyo ilikuwa halali. Lakini ghadhabu imewafanya watu wengi wazungumzie hitilafu za siku ile, seva zilizokwama na risasi zisizofika, ilhali taksiri yenyewe ilikuwa katika dirisha. Hata kama seva zingefanya kazi kwa ukamilifu tangu saa ya kwanza, mchezo ule ungekufa vile vile.

Wasomaji wa safu hii hawahitaji kufundishwa mti wa ustadi wa zamani: pointi 250 kwa kila mhusika, visanduku 18 kwa kila kazi, yaani kimoja cha kuanzia, safu nne za visanduku vinne vinne, na kile cha juu cha ubingwa. Linalosahauliwa na wanaouita mti huo mzigo kwa wageni ni kwamba tajriba ya kupika haikuweza kununua kisanduku cha bunduki, wala tajriba ya kuwinda haikuweza kununua kisanduku cha utabibu, na kwamba pointi 250 hazikutosha kwa vyovyote kumfanya mtu mmoja ajitosheleze. Upungufu huo ulikusudiwa. Raph Koster, msanifu wa mchezo huo, na wenziwe wa Austin waliupima kwa makusudi ili kila mtu, hata awe shujaa wa namna gani vitani, abaki na haja ambayo sharti aipeleke kwa mtu mwingine. Na kutokana na haja hizo lilizaliwa soko ambalo sijaona mfano wake katika mchezo mwingine wowote wa zama zile.

Tuchukue bunduki moja tu. Chuma chake kilizuka katika sayari fulani, tuseme Dantooine, kikiwa na jina ambalo halikupata kutumiwa kabla wala halikutumiwa tena baadaye, na sifa zake, ugumu, upitishaji umeme, ustahimilivu wa joto na kadhalika, zikiwa zimepimwa kwa kipimo kinachoishia 1000. Chuma hicho kilidumu siku kadhaa kisha kikatoweka kabisa. Mpimaji aliyekiona alikimbia nyikani na chombo chake mkononi, akisimama, akipima, akisogea hatua chache na kupima tena, mpaka apate mahali penye wingi wa kumridhisha. Hapo akasimika mitambo yake ya kuchimbia, akailipia nishati na matunzo, na alipojaza ghala akamwuzia mhunzi wa silaha. Mhunzi naye, kwa majaribio yake, aliamua kama sifa zile azielekeze kwenye nguvu ya risasi ama kwenye kasi. Mnunuzi aliitumia bunduki mpaka ikachakaa, na kila ilipotengenezwa kiwango chake cha juu kilipungua, hata siku moja ikamlazimu arudi dukani. Hivyo chuma bora kilichowahi kuchimbwa na mtu mmoja, akakiweka akiba, kiliweza kumpa jina katika seva nzima.

Na mwili wa mpiganaji ulikuwa na haja zake. Katika hazina tatu za mwili zilizoitwa HAM, yaani afya, utendaji na akili, majeraha ya akili hayakutibika kwa tabibu. Dawa yake ilikuwa kuingia kantina, kukaa, na kumtazama mcheza dansi au kumsikiliza mpiga muziki, ambaye aghalabu alikuwa mtu hai aliyechagua kazi hiyo na kuipenda. Kabla ya kwenda mawindoni watu walipanga foleni katika kituo cha vyombo cha Coronet, mbele ya daktari aliyesimama na mkoba wa dawa alizozitengeneza mwenyewe, wakimlipa ili awaongezee nguvu za kuwafaa kwa saa kadhaa. Huduma ilikwenda kwa zamu, na wenye haraka wakaongeza malipo. Katika foleni hiyo watu walipata wenzi wa safari, wakajua bei za ngozi, wakasikia ni mhunzi gani amepata chuma kizuri. Hakuna mwandishi wa misheni aliyeandika mazungumzo yale. Yalizuka kwa kuwa mashine iliwakalisha watu pamoja.

Sasa turudi katika dirisha. Liliorodhesha Jedi, mwinda vichwa, mlanguzi, komando, afisa, jasusi, tabibu, msanii na mfanyabiashara. Yatazame majina hayo kwa mpangilio wa haja na utaona dosari mara moja: saba katika tisa ni watu wa kupigana. Mpishi, mshoni, mjenzi na mhunzi walisukumwa ndani ya neno moja la mfanyabiashara, ambamo waligawiwa matawi manne. Mtaalamu wa viumbe, ambaye tishu alizotengeneza ziliingia katika vyakula vya mpishi na nguo za mshoni, na ambaye wanyama wake walinunuliwa na walezi, hakuwamo katika dirisha. Mlezi wa wanyama naye hakuwamo. Mtu aliyemkamata kiumbe mchanga porini, akamlea, akamfundisha amri kwa sauti na kumpa jina, alibaki na mnyama asiyeweza kuitwa. Na yule aliyekuwa bingwa wa mapishi huku akiwa na nusu ya uskauti, mchanganyiko alioupanga kisanduku kwa kisanduku kwa miezi mingi, aliulizwa swali moja: wewe ni nani katika hawa tisa?

Hilo si swali la kumwuliza mkazi. Mti wa zamani ulimjua mtu kwa aliyoyatenda. Dirisha lilimjua kwa alichokibonyeza.

Kisha likaja jina la kwanza katika orodha ile. Hadithi ya mchezo imewekwa baina ya filamu ya 1977 na ile ya 1980, wakati ambapo Jedi wamekwisha kuangamizwa na waliosalia wamejificha. Kanuni za awali zililiheshimu jambo hilo kwa ukali ninaousifu hata leo: njia ya kuwa Jedi ilikuwa siri, aliyeifikia alianza akiwa dhaifu, aliyeonekana hadharani na upanga wake wa nuru aliwavuta wawinda vichwa, na katika siku za mwanzo kabisa aliyeuawa mara chache alipotea moja kwa moja. Uhaba huo ulikuwa bidhaa ya pamoja, kwani hata asiyekuwa Jedi aliishi katika ulimwengu ambamo kumwona Jedi ni tukio la kusimulia. NGE ilimpa kila mgeni cheo hicho kwa kubonyeza mara moja, kabla hajajua kutembea, na kwa tendo hilo moja ikamdhulumu aliyekwisha kukihangaikia, ikamfukarisha mwinda vichwa, ikaifanya hadithi yenyewe kuwa uongo. Sioni hesabu ya biashara inayoweza kuhalalisha hilo.

Nimepata kuandika, na nitaandika tena, kwamba ufa ulianza mapema zaidi, mwishoni mwa 2003, zilipotolewa holokroni za kumwambia mchezaji ni kazi gani aimalize ili aisogelee siri ya Jedi. Watabibu waliopenda utabibu waliuacha wakaenda kukata ngozi. Wapiga muziki walijaa kantina wakiacha kompyuta zijiendeshe usiku kucha. Kazi zikawa ngazi za kukanyagwa. Mabadiliko ya mapigano ya Aprili 2005 yakaongeza viwango vya namba juu ya vichwa vya watu, kwa kuiga michezo mingine. Hata hivyo si yote yalikuwa mabaya: upanuzi wa anga wa Oktoba 2004 ulikuwa kazi safi, na matengenezo yaliyofuata 2006 na kuendelea, hata kurudishwa kwa wanyama, yalifanywa kwa bidii ya kweli.

Watetezi husema kwamba World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ilikuwa ikikusanya wateja kwa mamilioni, na kwamba Sony Online Entertainment na LucasArts walilazimika kuurahisisha mchezo wao. Haja ya kuwarahisishia wageni naikubali. Tiba ndiyo ninayoikataa. Zile kazi tisa zingeweza kuwa milango tisa ya kuingilia mti ule ule: mgeni achague ulanguzi, mchezo umnunulie visanduku vyake vya kwanza na kumwongoza kwa misheni, na atakapopata akili ya mambo aachiwe mti mzima wenye kazi 34. Visanduku vilikuwapo tayari. Kanuni ya kusalimisha ustadi na kujifunza mwingine ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni kitabu cha mwongozo, nao wakaibomoa nyumba.

Namna ya kutenda ilikwisha kuonyeshwa na Ultima Online, mchezo wa 1997 ambao Koster huyo huyo aliuongoza katika usanifu wake. Uuaji wa wachezaji kwa wachezaji ulipowakimbiza watu, mwaka 2000 mchezo ule uliongezewa nchi ya pili, Trammel, yenye amani, huku nchi ya kwanza, Felucca, ikibaki na hatari zake kwa waliozitaka. Nina manung'uniko yangu juu ya Trammel, ambayo wasomaji wangu wa siku nyingi wanayajua. Lakini fundi cherehani wa Britain, mji wa mchezo huo, aliamka siku ya pili akiwa fundi cherehani. Tena hatuhitaji kwenda mbali: Sony Online Entertainment yenyewe, mwezi Juni 2006, iliwafungulia watu wa EverQuest seva mbili zilizoanza upya katika hali ya mwanzo na kufungua nyongeza kwa hatua. Miezi saba tu baada ya dirisha, kiliwezekana kwa ndugu mkubwa kile kilichosemwa kuwa hakiwezekani kwa mdogo. Na Jagex, walipowaudhi watu wa RuneScape kwa mapigano mapya ya Novemba 2012, walitafuta nakala ya mchezo ya Agosti 2007, wakawapigisha wachezaji kura, na Februari 2013 wakaifungua.

Star Wars Galaxies ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011 bila kurudishiwa mti wake. Wafanyao kazi ya kujitolea katika SWGEmu, waliojenga seva upya kwa kuchunguza tabia ya mchezo, hawakuchukua toleo la mwisho wala lile la Aprili 2005. Wamelenga toleo la 14.1, la kabla ya mabadiliko yote mawili, pamoja na HAM yake, na ule uwezo wa daktari kumwongezea mtu nguvu kupita kiasi, ambao ulihitaji kupunguzwa tangu 2003 na bado unahitaji.