TP ya mikrobiolojia: tunakariri rangi bila kupaka

Bandugu, sisi tuliosoma agronomia tunajua ile jedwali kwa kichwa. Escherichia coli: kijiti, Gram negatifu. Staphylococcus aureus: koki zilizokaa mafungu kama zabibu, Gram pozitifu. Streptococcus: koki za mnyororo. Siku ya mtihani unaandika byote, unapata 14 kwa 20. Kisha mutu anakupa kipande cha kioo na koloni, hujui hata uanze wapi.

Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alitoa njia yake 1884, akitafuta kuona bakteria mu mapafu ya watu waliokufa na nimonia. Leo tunapaka violeti, tunatia yodi, tunasafisha na alkoli, mwisho rangi nyekundu. Kazi yote iko pale kwenye alkoli. Ukichelewa, hata Staphylococcus inapoteza violeti. Ukiharakisha, E. coli inabaki nayo. Tena koloni ya Bacillus ikizeeka, inaweza kutoka nyekundu kama Gram negatifu. Byote hivi mkono njo unajifunza, kama kupika bukari.

Najua jibu lenu: mikroskopu ni moja, banafunzi ni wengi, umeme unakatika. Sawa. Lakini kuko majaribio yasiyoomba mikroskopu. Tone la KOH ya 3% kwenye kioo, changanya koloni, vuta kijiti juu polepole. Ikivutika kama mlenda, ni Gram negatifu: ukuta wake umepasuka, ADN imetoka. Ikibaki maji tu, kwa kawaida ni Gram pozitifu. Kama ni koki, tone la maji ya oksijeni ya famasi: povu likitoka, fikiria Staphylococcus, likikosa, Streptococcus.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile orodha ni ya hospitali. Mama mwenye bustani hapa Buluo akikuletea nyanya iliyonyauka ikiwa bado kijani, Staphylococcus itakusaidia nini? Kuna Ralstonia solanacearum, nayo kijiti, nayo Gram negatifu. Kwa rangi peke yake huwezi kuitofautisha na E. coli. Lakini kata shina, litundike mu glasi ya maji safi, ngoja dakika chache: nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, unashika bakteria. Fusarium, ambayo ni kuvu, inanyausha nyanya pia, lakini haitoi zile nyuzi.

Ukikosa kutofautisha, utamwambia yule mama anunue dawa ya kuvu. Atatoa franka zake bule, na msimu ujao atapanda tena nyanya mu udongo uleule wenye bakteria, pahali pa kubadilisha na mahindi.

Wale muliobaki ba-asista, TP ya kwanza mwaka huu muianze na ile glasi. Inaomba kisu, maji na shina moja la nyanya.