Kinyozi Hajinyoi: Tangazo la Wembe na Wito wa Toba kwa Wanaume

Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hiyo yalifaa tangazo ambalo kampuni ya nyembe ya Gillette ya Marekani ililitoa katikati ya mwezi wa Januari 2019, likazua ubishi mkali Marekani na Uingereza, na hata mbali zaidi. Si desturi ya jarida la teolojia kuhakiki matangazo ya biashara. Lakini tangazo lile lilijitwalia kazi ya mimbari, yaani kuwaonyesha watu dhambi yao na kuwaita wageuke. Basi ni halali kulipima kama tunavyolipima hubiri.

Ni filamu fupi, isiyotimia dakika mbili. Kwa muda wa miaka 30, tangu 1989, kampuni hiyo ilikuwa imewaahidi wanaume kilicho bora kabisa ambacho mwanaume aweza kupata. Mwanzoni mwa filamu tangazo la zamani linaonekana kwenye pazia la sinema, nao wavulana wanamfukuza mwenzao na kulipasua pazia hilo. Kisha twaona vituko vya michezo ya televisheni ambamo mwanaume anamshika mwanamke bila ridhaa yake na watazamaji wanacheka. Mkubwa wa kazi anamwekea mwanamke mkono begani na kusema kwa niaba yake mbele ya mkutano. Na safu ndefu ya akina baba, kila mmoja nyuma ya jiko lake la kuchomea nyama, wakiwatazama watoto wakipigana na kurudia kwa sauti moja kwamba wavulana ndivyo walivyo. Safu hiyo ndiyo picha yenye nguvu kuliko zote, kwa maana inafanana mno na liturgia: mkutano mzima unaitikia, wala hakuna anayefikiri. Baada ya hapo filamu inageuka. Mwanaume mmoja anamzuia mwenzake aliyetaka kumfuata mwanamke barabarani. Baba anakimbia kuamua ugomvi, mwanawe akitazama. Ahadi ya zamani nayo inabadilishwa: si tena kilicho bora ambacho mwanaume aweza kupata, bali namna iliyo bora ambayo wanaume waweza kuwa.

Watu waligawanyika mara moja. Katika mtandao wa YouTube waliolikataa tangazo walizidi waliolikubali. Mtangazaji Piers Morgan wa Uingereza aliliona kuwa sehemu ya mashambulio juu ya uanaume, akasema huenda akaziacha nyembe alizozitumia tangu utu uzima wake. Kwa upande mwingine Mchungaji Bernice King, bintiye Martin Luther King, alisema kuwa tangazo halikuwapinga wanaume bali lilitetea utu. Mwezi wa Julai mwaka uleule kampuni mama, Procter & Gamble, ilitangaza kwamba imepunguza thamani ya Gillette katika vitabu vyake kwa dola zipatazo bilioni 8. Wapinzani walishangilia, wakasema hiyo ndiyo adhabu ya tangazo. Kampuni yenyewe ilitaja kushuka kwa fedha za nchi mbalimbali, ushindani, na wanaume kunyoa ndevu mara chache kuliko zamani.

Hoja iliyosikika zaidi miongoni mwa wapinzani ilikuwa hii: mchuuzi wa nyembe ana mamlaka gani ya kunihubiri? Swali hili si la kipuuzi, nasi tutalirudia. Lakini wengi waliouliza hivyo hawakutaka jibu. Walitaka kuepa shtaka. Filamu haikusema kwamba kuwa mwanaume ni dhambi. Ilisema kwamba wanaume fulani hutenda uovu na wengi husimama kando wakiwatazama. Anayesikia hayo kisha akajiona ametukanwa yeye pamoja na jinsi yake nzima, ameufanya uanaume kuwa kitu kisichoweza kuhukumiwa. Na kitu kisichoweza kuhukumiwa, katika lugha ya amri ya kwanza, ni sanamu. Ukweli hauwi uongo kwa kuwa umesemwa na mfanyabiashara.

Hata hivyo turudi kwa kinyozi. Mwaka 1915 kampuni hii ilitoa wembe wake wa kwanza kwa ajili ya wanawake, na katika matangazo yake nywele za kwapani zilifanywa kuwa jambo la kuonea haya. Hiyo ndiyo siri ya biashara nyingi za aina hii: kwanza aibu, kisha bidhaa. Mtu aonyeshwe kwamba ana kasoro, halafu auziwe cha kuifuta. Mwaka 2015 idara ya mambo ya walaji ya jiji la New York ilionyesha kwamba bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake ziliuzwa kwa wastani wa asilimia 7 zaidi ya zile za wanaume zilizofanana nazo, na nyembe zilikuwamo. Uchunguzi huo haukuhusu kampuni moja tu. Lakini muuzaji wa nyembe anapotangaza toba kwa ajili ya wanawake, twatazamia kusikia japo neno moja juu ya mambo hayo. Pazia lililopasuka lilikuwa ungamo la nusu: lilikiri maneno ya zamani, likanyamaza juu ya sanduku la fedha. Kampuni iliahidi pia dola milioni 1 kila mwaka kwa miaka mitatu kwa mashirika ya hisani ya Marekani. Ni jambo jema, ingawa kwa kampuni ya ukubwa ule si sadaka ya kuumiza.

Kwetu sisi wana wa Matengenezo dosari iliyo kubwa zaidi iko kwingine. Tangazo lile ni sheria tupu. Linashtaki, na linashtaki kwa haki. Kisha linamwambia mshtakiwa ajitahidi awe bora. Hakuna anayeungama, hakuna anayesamehewa. Tumlinganishe Nathani katika 2 Samweli 12. Naye alianza na hadithi iliyomvuta msikilizaji, akaishia kwa kumwelekezea mfalme kidole kwamba mtu huyo ndiye yeye. Lakini Nathani alikuwa ametumwa, hakuwa na kitu cha kuuza. Na Daudi alipokiri, nabii yuleyule alimtangazia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, bila kuficha kwamba matokeo ya uovu wake yangebaki. Aibu isiyofikishwa kwenye ondoleo humfanya mtu ama kuwa mnafiki ama kuwa mkali, na ukali wa mwezi ule wa Januari twaweza kuuelewa vema kwa njia hiyo kuliko kwa siasa peke yake.

Lakini tusijisifu upesi. Ndani ya tangazo imo sauti ya Terry Crews, mwigizaji aliyewahi kucheza kandanda ya Kimarekani, kutoka katika ushuhuda alioutoa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 2018, yeye mwenyewe akiwa ameeleza jinsi alivyodhalilishwa. Anasema kwamba wanaume hawana budi kuwawajibisha wanaume wenzao. Je, hilo si kuonyana kwa ndugu kunakoamriwa katika Mathayo 18? Kanisa lilikuwa na neno hili kabla ya kuwako kiwanda chochote cha nyembe. Na bado yapo mabaraza ya wazee ambamo mwanamke aliyepigwa hushauriwa avumilie kwa ajili ya heshima ya ndoa, naye mume haulizwi hata swali moja. Huko nako ni kusimama nyuma ya jiko na kuitikia. Hao wenye funguo, waliokabidhiwa kufunga na kufungua, wakinyamaza, si ajabu wito ukatoka dukani.

Hatukosi cha kusema. Katika maandishi yake juu ya hali ya ndoa ya mwaka 1522, Luther alimtaja baba anayefua nepi za mtoto, watu wakimcheka kuwa mjinga aliyegeuka mwanamke. Alisema kwamba Mungu pamoja na malaika wote wanatabasamu kwa furaha, si kwa sababu ya nepi, bali kwa kuwa mtu yule anaifanya kazi hiyo katika imani. Hapo uanaume unapimwa upya bila aibu kutumiwa kama chambo: baba yule hasukumwi awe bora ili akubaliwe, amekwisha kukubaliwa, na kwa hiyo mikono yake iko huru kumhudumia mtoto na mama yake. Maelezo ya amri ya tano katika Katekisimo Ndogo nayo hayatosheki na kutomdhuru jirani. Yanadai asaidiwe katika kila hitaji la mwili wake. Vijana wa kipaimara huyakariri kila mwaka. Mwalimu anayewafundisha wavulana amri hiyo pasipo kumtaja dada, mke wala binti wa jirani amewafundisha nusu yake tu.