Jina Moja, Miti Miwili: Tathmini ya Orodha za Majina ya Mimea katika Kiswahili

Kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway ilitoka kwanza mwaka 1937, na toleo lake la pili likafuata mwaka 1940. Greenway alikuwa mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, na kazi yake ilikusudiwa kumwezesha ofisa wa kilimo au misitu, alisikiapo jina la Kiswahili, alipate jina la Kilatini bila kupoteza wakati. Kwa kusudi hilo ilifaulu. Hata hivyo, orodha zilizofuata mkondo huo zimerithi pia dhana isiyohojiwa vya kutosha: kwamba jina la Kiswahili ni lebo ya spishi, na kwamba kazi ya mwanaleksikografia huisha pindi spishi hiyo inapotajwa. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo ina kasoro ya kinadharia, na kwamba kasoro yenyewe imekwisha kuwa na gharama ya kiafya na ya kisheria.

Mwarobaini unatosha kuonyesha jambo hili. Mti huu asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Jina lake la Kiswahili linahesabu maradhi arobaini yanayosemwa kutibiwa nao; katika pwani ya Kenya huitwa pia mkilifi, jina linaloelekeza kwenye mahali. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linaloeleza umbo la mti. Moja linataja kazi yake, lingine linataja pahala. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya wasemaji hulieneza jina la mwarobaini hadi kwa mti mwingine wa ukoo uleule, Melia azedarach, unaofanana nao kwa mbali na kupandwa kwa ajili ya kivuli na kuni.

Orodha nyingi huandika Azadirachta indica mbele ya jina hili na kuishia hapo. Matumizi mapana ya jina ama hayatajwi, ama huhesabiwa kuwa makosa ya wasiojua. Anayeyahesabu hivyo anapaswa kurejea historia ya majina ya kisayansi yenyewe. Mwaka 1753 Linnaeus aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja, Melia, akaupa mmoja jina la azedarach na mwingine azadirachta. Majina yote mawili yanatokana na maneno yaleyale ya Kiajemi yenye maana ya mti huru au mti adhimu. Ilipofika mwaka 1830 ndipo Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini katika jenasi yake. Kama ni kuchanganya, basi Linnaeus alitangulia, na Waajemi kabla yake.

Kutetea mantiki ya jina si kupuuza hatari yake. Tunda la Melia azedarach lina sumu kwa binadamu. Tofauti ya miti hii huonekana kwenye jani: la mwarobaini limegawanyika mara moja katika vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, la mwenzake limegawanyika mara mbili. Mhudumu wa zahanati anayeambiwa na mgonjwa kwamba amekunywa mwarobaini anahitaji kujua kwamba jina hilo lina mipaka miwili, ili aulize swali la pili. Orodha inayodai usahihi kwa kufuta mpaka mmoja inamnyima swali hilo.

Mfano wa pili unavuka mipaka ya nchi, na ndio unaowahusu zaidi washauri wa sera. Mkurungu wa magharibi mwa Tanzania, Pterocarpus tinctorius, hujulikana kwa wafanyabiashara wa mbao wa Zambia na Katanga kama mukula. Mwaka 2019 spishi hiyo iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mninga, Pterocarpus angolensis, haukuwemo. Lakini mwanaanthropolojia Victor Turner, alipoandika juu ya Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia, aliutambulisha mukula kuwa ndio huohuo angolensis, mti ambao utomvu wake mwekundu husimama badala ya damu katika matambiko. Miti yote miwili hutoa utomvu mwekundu. Jina, kwa maneno mengine, limeshika damu ya mti, nayo sheria imeshika spishi.

Huenda ikasemwa kwamba tatizo hilo liliisha mwaka 2022, nchi wanachama zilipoingiza Pterocarpus zote za Afrika katika kiambatisho hicho. Hoja hiyo haina nguvu. Kibali cha kusafirisha nje hutegemea maoni ya mamlaka ya kisayansi kwamba biashara haitaidhuru spishi husika, nayo maoni hayo hutolewa kwa spishi, si kwa jenasi nzima. Hati iliyoandikwa mukula na kutafsiriwa kwa kutazama orodha ya safu mbili inaweza kuhesabu magogo ya mti mmoja katika hazina ya mwingine.

Wapo wanaopendekeza usanifishaji: jina moja kwa spishi moja, litangazwe na vyombo vya lugha. Katika kanuni na hati za serikali pendekezo hilo lina faida. Lakini haliwezi kumwamuru mkata mbao aseme nini msituni, wala hali ya upande wa Kilatini si tulivu kiasi hicho. Mvule ulioitwa Chlorophora excelsa siku za Greenway leo ni Milicia excelsa. Jina lililobaki mahali pake ni la Kiswahili.

Kielelezo bora zaidi kilikwisha kuwapo. Charles Sacleux, padri aliyekusanya mimea Zanzibar na bara na ambaye jenasi Sacleuxia imepewa jina lake, alianza kuchapisha kamusi yake kubwa jijini Paris mwaka 1939. Alikuwa amekwisha kuandika sarufi ya lahaja za Kiswahili, na kwake neno lina mahali linaposemwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba kamusi hiyo, kwa kuwa imeandikwa kwa Kifaransa, haisomwi vya kutosha katika idara za misitu.

Kidahizo cha mmea kinachofaa kazi za leo kingetaja jina linasemwa wapi, na nani, kwa matumizi gani, na kwa sampuli ipi iliyohifadhiwa. Kwa mukula hiyo ingekuwa mistari sita au saba badala ya mmoja: Katanga sokoni, tinctorius, kwa Wandembu tambikoni, angolensis, ng'ambo ya mpaka, mkurungu na mninga.