Kazimoto Alikuwa Mgonjwa: Kuisoma Upya Kichwamaji

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) imehakikiwa mpaka imechakaa. Mwanafunzi akiulizwa dhamira zake, jibu liko mdomoni: udhanaishi, ukengeushi wa msomi, mgongano wa ujana na mila. Majibu haya si ya uongo. Ubishi wangu ni kwamba istilahi hizi zimetusaidia kutomwona mtu. Ukishamwita Kazimoto mdhanaishi umemaliza kazi. Huzuni yake inageuka kuwa msimamo wa kifalsafa, na kifo chake kinakuwa hitimisho la hoja. Mimi nasema Kazimoto alikuwa mgonjwa.

Tumtazame kwanza kwa nje, kama wanakijiji wanavyomtazama. Ni kijana wa Chuo Kikuu, enzi ambazo waliofika huko walikuwa wachache mno. Akirudi likizo anapata kibarua katika ofisi ya rafiki yake wa utotoni, Manase, ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Baadaye anaoa, tena anamwoa dada yake huyo mkubwa, Sabina. Mzazi gani asingetaka mtoto wa namna hiyo? Hata jina lake ni jina la bidii. Lakini anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, na huu ndio ufundi mkubwa wa riwaya hii: msomaji peke yake ndiye aliye ndani ya kichwa hicho. Tunamsikia akihoji kama Mungu yupo, akijichukia, akishindwa kupumzika. Wanaokula naye sahani moja hawasikii kitu. Kwao elimu yake ni uthibitisho kwamba mambo yake safi.

Wala misiba haikumwacha bure. Rukia, dada yake, anapewa mimba na Manase na anakufa. Mama naye anakufa. Kisha kwa Manase anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, halafu Kazimoto na Sabina wanampoteza mtoto wao. Jumlisha hayo yote juu ya kijana mmoja, ndipo uniambie kwamba kilichomwua ni kusoma vitabu vya Wazungu! Sisemi falsafa haimo. Nasema mtu aliyefiwa hivyo, akasema maisha hayana maana, huenda halumbani na Sartre. Huenda anatuambia anaumwa.

Tatizo jingine limo katika lugha yetu. Mwenye homa anapewa pole. Mwenye ugonjwa wa akili ana majina tele, na karibu yote ni matusi: chizi, mwehu, kichaa, “huyo wa Mirembe”, kana kwamba ile hospitali ya Dodoma ni utani. Kichwamaji lenyewe ni mojawapo. Mwandishi amelitwaa neno la kejeli akalibandika juu ya jalada, nasi tumelitamka miaka hamsini bila kusita. Neno sonona, ambalo waganga wa hospitali wanalitumia siku hizi, mtaani bado geni. Huku tunasema “ana mawazo”, kisha tunamwambia ajikaze, hasa akiwa mwanamume, hasa akiwa amesoma. Hivi aliyesoma naye ana mawazo ya nini? Ana mshahara, bwana.

Sisi wa Maji ya Chai tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi, mahali pengi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limeshauri. Ukiyatia kwenye glasi floridi huioni. Mtoto anayanywa, meno yanatoka na rangi ya kahawia, na wengine mifupa inapinda. Akienda Dar es Salaam anachekwa kwamba hapigi mswaki. Pale Ngurdoto watafiti wamefanya kazi ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa, kwa sababu walikubali kwamba kosa si la meno. Uhakiki wetu juu ya Kazimoto bado uko kwenye mswaki.

Hata hivyo simwachii mwandishi bila kumdai. Vichwa vikubwa vya watoto vinafanywa ishara ya kizazi cha wasomi kilichoharibika, na pia malipo ya uasherati wa baba zao. Kama ishara, imefaulu, haisahauliki. Lakini ugonjwa wa kichwa kikubwa upo, watoto wanafanyiwa upasuaji Muhimbili, na mama aliyembeba mtoto wa namna hiyo akisoma ukurasa ule atasikia anahukumiwa. Hapo Kezilahabi anafanya kile kile ambacho jamii inamfanyia Kazimoto: anaugeuza ugonjwa kuwa hatia. Katika Rosa Mistika (1971) alikwisha kufanya jambo linalokaribiana na hilo. Rosa, binti aliyefika chuo cha ualimu, anajiua, na mwandishi anampeleka pamoja na baba yake mbele ya Mungu. Kesi imefunguliwa kabla ya matanga. Sheria nayo haikuwa mbali, maana Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni ililiandika jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Linganisha na Bessie Head. A Question of Power ilitoka 1973, mwaka mmoja kabla ya Kichwamaji, baada ya mwandishi mwenyewe kulazwa katika hospitali ya akili huko Lobatse, Botswana. Mhusika wake Elizabeth anachanganyikiwa vibaya kuliko Kazimoto, lakini ana bustani ya mboga, na wapo watu wanaoendelea kumwita aje kulima. Hawamwelewi. Wanamwita tu. Elizabeth anabaki hai.

Kazimoto ana nani? Manase ana mzigo wake mwenyewe chini ya cheo kile, na wawili hawa, waliokua pamoja, hawasemezani juu ya hilo. Anabaki Sabina. Yeye analala kando ya mgonjwa kila usiku, na kama yupo aliyeona kitu ni yeye. Riwaya nzima haikumpa sura hata moja ya kusimulia alichokiona.