Umbizo la Pikseli katika Kerneli ya Linux

Pikseli huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta kama namba, na namba hizo hazina maana mpaka programu iliyoziandika ikubaliane na kiendeshi, yaani sehemu ya mfumo inayoyaamuru maunzi ya kuonyesha picha, kuhusu namna ya kuzisoma. Makubaliano hayo huitwa umbizo la pikseli.

Kiolesura cha awali cha kuandaa picha katika DRM, mfumo mdogo wa kerneli ya Linux unaosimamia michoro, kilitaja mambo mawili tu kuhusu pikseli: idadi ya biti inazochukua na idadi ya biti zinazobeba rangi. Rangi ipi itangulie, ombi ambalo programu ilituma kupitia kiolesura hicho halikusema. Jambo hilo liliachiwa mazoea. Wala hapakuwa na namna ya kueleza umbizo la video kama NV12, ambalo huweka mwangaza katika tabaka moja la kumbukumbu na taarifa za rangi katika tabaka la pili, jozi moja ya thamani za rangi ikitumikia pikseli nne.

Ombi jipya, ADDFB2, lililoingia katika toleo la 3.3 mwaka 2012, lilileta msimbo wa herufi nne unaoenea katika biti 32, pamoja na nafasi ya matabaka yasiyozidi manne. Ingewezekana kufuata fbdev, mfumo mkongwe zaidi, ambao hueleza kila rangi inaanzia biti ya ngapi na ina biti ngapi. Lakini uhuru huo huzaa michanganyiko mingi isiyojulikana na chipu yoyote, ilhali jina lililomo katika orodha hukubaliwa au hukataliwa mara moja. Kuchagua majina kulikuwa uamuzi wa busara, na thamani yake ilizidi kuonekana kadiri maumbizo yalivyoongezeka.

Hata hivyo, jina hudai usomaji makini. XRGB8888, ambalo msimbo wake ni XR24, huelezwa kama namba ya biti 32 inayohifadhiwa kwa kutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo ndani ya kumbukumbu buluu ndiyo ya kwanza, kisha kijani, nyekundu, na mwisho baiti isiyotumika. Anayesoma jina hilo kama mpangilio wa baiti huchukua kijani kuwa nyekundu, nyekundu kuwa kijani, na baiti isiyotumika kuwa buluu.

Swali la pili, la jinsi pikseli zinavyopangwa, lilitengwa kabisa na lile la kilichomo ndani yake, na hapo ndipo ulipo ubora mkubwa wa usanifu huu. Chipu nyingi hazipangi picha mstari baada ya mstari, bali hugawanya uso wake katika vigae. Kigae cha Intel cha aina ya X, kwa mfano, kina baiti 512 kwa mistari 8. Tangu toleo la 4.1 la mwaka 2015, mpangilio huo hutajwa kwa kirekebishi, namba ya biti 64 ambayo biti zake 8 za juu humtambulisha mtengenezaji na 56 zilizobaki humwachia uhuru wa kueleza mpangilio wake, ukiwamo ule uliobanwa kama AFBC ya Arm. Thamani ya 0 humaanisha mistari ya kawaida.

Kuanzia toleo la 4.14, kiendeshi hutangaza jozi za umbizo na kirekebishi kinazozikubali, na programu hutafuta zile ambazo kichakata michoro nacho kinaweza kuziandika. Pale ambapo jozi ya pamoja ni ile ya mistari ya kawaida pekee, picha bado huonyeshwa, ila skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye baiti 4 kwa kila pikseli, husomwa mara 60 kwa sekunde bila nafuu ya mbano: karibu baiti milioni 498 kila sekunde.